Gitaa la Umeme kwenye Nyumba ya Kupanga

Leo Fender, Mmarekani aliyetuletea gitaa la Stratocaster mwaka 1954, hakujua kupiga gitaa. Huu si umbea wa kijiweni. Alikuwa fundi redio, na magitaa alikuwa akiwatengenezea watu wengine. Niliposikia habari hiyo mambo mengi yalinikaa sawa kichwani. Mtu anayelipiga gitaa hilo kila jioni asingeweka nyuzi nyembamba kiasi kile, zikakazwa kwa nguvu kiasi kile, halafu akakuambia uzibonyeze kwa ncha za vidole ambazo Mungu alizikusudia kuhesabia hela.

Natanguliza hayo msomaji ajue mapema kwamba sina ugomvi na muziki. Ugomvi wangu ni na chombo chenyewe, waliokiuza, waliokizunguka, na soketi.

Tuanze na duka. Ukiingia Kariakoo kutafuta gitaa la umeme, muuzaji atalishusha ukutani, alifute vumbi kwa shati lake, akuambie, "Bosi, hili limekamilika, umebaki wewe tu." Uongo mtupu. Lile gitaa la kawaida lenye tumbo linajitosheleza. Ukikaa nalo chini ya mwembe watu wa nyumba ya tatu wanasikia. La umeme ni ubao. Ukilicharaza bila kulichomeka unasikia nzi aliyenaswa kwenye chandarua. Basi unarudi kwa ajili ya amplifaya. Amplifaya ina plagi ya pini mbili bapa za huko ilikotoka, nazo soketi zetu ni za pini tatu alizotuachia Mwingereza, kwa hiyo unarudi kwa ajili ya adapta. Waya wa kuunganisha gitaa na amplifaya unauzwa peke yake. Mkanda wa begani unauzwa peke yake. Hata vile vipande vya plastiki vya kucharazia vinauzwa peke yake, na nyumbani vina tabia ya kutoweka hadi umkute mtoto wa mwisho akivitumia kuchotea ubuyu. Mpaka nimalize kununua, yule muuzaji alishaacha kuniita bosi. Alikuwa ananiita shemeji.

Nyumbani ukishachomeka kila kitu, unakutana na muungurumo.

Nieleze kidogo, maana nimelazimika kuuelewa ili nijitetee. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko maelfu kwa maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo sana unazaliwa ndani ya ule waya, unasafiri hadi kwenye amplifaya, unakuzwa, unatoka ukiwa sauti. Ndiyo maana nyuzi sharti ziwe za chuma. Ukifunga za nailoni unapata kimya. Tatizo ni kwamba ule waya wa shaba hauchagui. Unadaka mtikisiko wa uzi, na unadaka pia umeme unaopita ukutani, ambao kwetu unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde. Kwa hiyo gitaa linaunguruma kabla hujaligusa. Ukishika nyuzi linatulia, kwa sababu nyuzi zimeunganishwa na waya wa ardhi, na mwili wako uliokuwa unadaka umeme kama antena nao unatulizwa. Ukiachia, linaanza tena.

Mama wa chumba cha mbele, mtu mzima na mwenye heshima zake, aliniita kwa upole kabisa. "Baba, hicho kitu kinalia hata usipokipiga?"

Nikamwambia ndiyo mama, ni kawaida yake.

"Na ukikishika ndiyo kinanyamaza?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kishike, baba. Kishike tu, usifanye kingine."

Baada ya muungurumo likaja suala la luku. Nyumba yetu ina mita moja, wapangaji tunachangishana. Ikatokea wiki umeme ukaisha Alhamisi badala ya Jumamosi, macho yote yakaelekea mlango wangu. Kikao kikaitishwa barazani. Nilikuja na karatasi ya hesabu. Amplifaya yangu, niliwaeleza, ni ya wati 10, ndogo ya kufanyia mazoezi. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 kwa saa moja. Kwa hiyo ili nimalize uniti moja sharti nipige gitaa saa 100, na hakuna binadamu hapa wa kuvumilia hilo, mimi mwenyewe nikiwemo. Pasi ya wati 1,000 inaimaliza uniti hiyo hiyo kwa saa moja, na yupo kijana wa chumba cha nyuma anayepiga pasi mpaka soksi. Sikumtaja jina. Nilimtazama tu.

Wakanisikiliza hadi mwisho, hata wakatikisa vichwa. Kisha mama mwenye nyumba akasema, "Hesabu tumeielewa, mwanangu. Lakini pasi haipigi kelele." Ikapitishwa niongeze elfu mbili kila mwezi. Hadi leo naulipia umeme kwa kadiri ninavyosikika.

Kuhusu vidole sitasema mengi. Kila anayejua gitaa atakuambia vitaota sugu na maumivu yataisha, kwa sauti ile ile wanayotumia watu kukuambia daraja litajengwa. Sugu huota kweli. Pia huchubuka ukifua nguo, kisha unaanza upya. Namshukuru Mungu mkono unaobonyeza nyuzi ni wa kushoto, vinginevyo ningekuwa nakula ugali kwa kijiko mbele za wakwe.

Ila lipo jambo moja la vidole lisilosameheka, nalo ni F.

Vijana wa kwenye video, wale wanaokula bando lako huku wakitabasamu, huanza kwa ahadi kwamba ukijua kodi nne tu za muziki, yaani yale makundi ya noti zinazopigwa kwa pamoja, utapiga nyimbo elfu moja. C, G, Am na F. Tatu za mwanzo mtu mwenye subira anazimudu. F inataka kidole cha shahada kilale kimenyooka juu ya nyuzi zote sita, mwanzoni kabisa mwa shingo ya gitaa, mahali ambapo nyuzi ni ngumu kuliko popote, na wakati huo huo vidole vingine vitatu vifanye kazi yake kana kwamba hakuna msiba. Hizo nyimbo elfu moja zote, ukizichunguza, zina F katikati. Unaimba vizuri, unafika pale, unaomba radhi, unaendelea baada ya F.

Ukilalamika, hakosekani mjuaji wa kukutajia Django Reinhardt, yule aliyeungua vibaya katika moto mwaka 1928 akabaki na vidole viwili vizima vya kushoto vya kupigia solo, na bado akawashangaza Wafaransa na dunia nzima. Habari hii huletwa kama faraja. Mimi sijaiona faraja ndani yake. Inamnyima mtu kisingizio, basi.

Halafu nyuzi hukatika. Inayokatika ni ile ya kwanza, ya chini kabisa, nyembamba kama robo ya milimita. Ukienda dukani unaambiwa hawauzi mmoja mmoja, chukua seti nzima ya sita. Unachukua. Wa kwanza unakatika tena, unachukua seti nyingine. Sasa nina akiba ya nyuzi za tano na za sita za kunitosha hadi uzeeni, na mama watoto kautumia mmoja kutungia pazia la jikoni, limenyooka vizuri kuliko pazia lolote mtaani. Zisizokatika zinaota kutu, maana hewa ya Dar es Salaam ina chumvi ya baharini na jasho la mikono linamalizia. Watoto wa mitaani barani Afrika wamejitengenezea magitaa ya makopo wakafunga nyaya za breki za baiskeli. Nimeanza kuwaelewa. Breki ya baiskeli inauzwa moja moja.

Mmoja wa watoto hao ndiye aliyeniletea matatizo nyumbani. Franco Luambo, mkubwa wa OK Jazz, alipokuwa mdogo kule Kinshasa alijiundia gitaa la kopo, akawa analipiga kwenye genge la mama yake sokoni. Mama alikuwa anauza maandazi, na mtoto akipiga, wateja wanasogea. Kufikia mwaka 1956, kabla hajatimiza miaka 18, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa bendi iliyokuja kuitikisa Afrika. Nikamsimulia habari hii yule anayekaanga vitumbua asubuhi uani kwetu. Nilidhani atafurahi. Asubuhi iliyofuata nikatoa kiti, nikavuta waya hadi nje, nikaanza kumsaidia biashara. Wateja walisogea kweli: walisogea ng'ambo ya barabara, kwa yule mwenye chapati. "Baba," aliniambia, akiwa ameshika upawa, "huyo mama wa Kongo alikuwa na bahati ya mtoto. Mimi naomba unisubiri nimalize kuuza."

Wageni nao wana yao. Mgeni akiona gitaa limeegemea ukutani hawezi kunywa chai akaondoka. Ataomba wimbo, na wimbo wenyewe ni mmoja: "Sina Makosa" wa Les Wanyika, ile bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na vijana wengi wao wakiwa wa kutoka Tanzania. Kila mtu kuanzia Tanga hadi Kisumu anaujua unavyoanza. Anaweza kukuimbia kwa mdomo gitaa na besi kwa pamoja, huku akipiga meza. Ukimpigia gitaa peke yake anakutazama kwa huruma, anasema, "Unafanana fanana."

Unafanana fanana! Hapo ndipo nilipoamua kutafuta mwalimu.

Nilimpata mzee mmoja mstaafu, aliyepiga katika bendi za dansi miaka ile watu walipokuwa wakivaa suruali pana. Hataki ada, anataka nauli na chai ya rangi yenye tangawizi, na hana huruma hata chembe. Siku ya kwanza nilimkuta barazani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kujifunza nini?"

"Solo, mzee."

"Wote mnataka solo," akasema, na akanywa chai yake yote kabla hajaongeza neno.

Solo hakunipa. Alinipa sekondi solo, ile ambayo Wakongo wanaiita mi-solo, gitaa linalokaa kati ya rizimu na solo. Kazi yake ni kipande kifupi cha noti chache kinachozunguka. Alinionyesha mara moja, polepole. Nikakishika upesi kuliko nilivyotarajia, nikamwuliza kinachofuata.

"Hapo hapo," akasema. "Usitoke."

"Mpaka lini, mzee?"

"Mpaka mwimbaji amalize."

"Lakini hapa hakuna mwimbaji, mzee."

"Ndiyo maana nakuambia usitoke."

Nimekaa hapo hapo. Nyimbo za dansi zetu si za dakika tatu. Zile za bendi za Mlimani Park au Msondo huanza taratibu, masimulizi yanakwenda kwa nafasi, kisha zinaingia kwenye chemko na huko ndiko watu wanakoacha soda zao mezani. Katika muda wote huo mpiga sekondi solo anarudia kipande chake. Rizimu inashika kodi, besi inaruka na kuacha nafasi, solo inaingia kwenye nafasi hiyo, sekondi inajaza iliyobaki. Ile sauti unayoipigia mluzi ukiwa bafuni haijapigwa na mtu yeyote mmoja. Imetokea katikati ya watu wanne waliokuwa wakisikilizana. Sasa fikiria robo ya kitu hicho ikipigwa peke yake, chumbani, kila jioni, kwenye nyumba ambayo kuta zake hazifiki dari. Majirani hawasikii wimbo. Wanasikia mtu anayerudia neno moja. Kijana wa pasi alinigongea dirisha akaniuliza, kwa wema kabisa, kama najisikia vizuri.

Siku moja nikamwuliza mzee gitaa lake mwenyewe liko wapi, maana kwake sijawahi kuliona. Tunatumia langu, nalibeba kwenye daladala likiwa limevaa koti la mvua.

"Gitaa langu?" Aliniangalia kana kwamba nimemwuliza treni yake iko wapi. "Sijawahi kuwa na gitaa la umeme mimi. La nini? Lilikuwa la bendi."

Na bendi ilikuwa ya watu wengine. Tunasahau mambo haya. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 na ilikuwa mali ya umoja wa wafanyakazi, wenyewe NUTA. Jina likabadilika kadiri umoja ulivyobadilika, JUWATA, kisha OTTU, hadi leo tunaiita Msondo Ngoma. Mlimani Park ilikuja kuwa chini ya shirika la maendeleo la jiji, ndiyo maana ya zile herufi DDC mwanzoni mwa jina lake. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama. Jeshi, polisi na magereza walikuwa na bendi zao, hata bima ilikuwa na bendi. Bendi nyingine zilikuwa za vilabu vya wanachama. Mpigaji alikuwa mwajiriwa: ana mshahara, ana saa za mazoezi mchana kweupe, na anavikuta vyombo vimeshafungwa jukwaani. Mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe alipokwenda Japani mwaka 1970, kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, alikwenda na Morogoro Jazz, bendi nzima. Hakuna aliyempeleka peke yake na ubao wake akawafurahishe Wajapani kwa robo ya wimbo.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika kwa namna mpya. Tangu mwanzo nimekuwa nikigombana na vidole vyangu, na majirani, na F. Kumbe gitaa la umeme lilipoingia nchi hii lilikuja na amplifaya kubwa, mpiga besi, mpiga ngoma, fundi mitambo, ukumbi, mhasibu na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mwenzangu wa Kariakoo alinyofoa kipande kimoja cha mtambo huo, akakifuta kwa shati, akaniuzia kama kilichokamilika. Anatakiwa aliandikie bango ukutani: kinauzwa pamoja na watu watatu.

Nilimweleza mzee nadharia yangu. Alisikiliza, akasema ni kweli kabisa, kisha akasema nirudi kwenye kipande changu kwa sababu nakivuta, nachelewa kidogo kwenye noti ya mwisho. Nikamwambia nachelewa kwa sababu hakuna besi ya kunishika. Akasema besi wa zamani pia walichelewa, na walikatwa mshahara.

Sasa nina ombi, na naliweka wazi ili wahusika wajisikie wenyewe. Kila Mei Mosi vyama vya wafanyakazi vinatugawia fulana na kofia. Fulana ninazo, kabati haifungi. Nauliza tu: bei ya fulana zote hizo haiwezi kununua gitaa moja la besi na seti ya ngoma, vikawekwa kwenye ukumbi ambao hauna mpangaji jirani? Babu zetu wa NUTA waliliona hilo mwaka 1964, wakiwa na fedha kidogo kuliko nyinyi. Mimi fulana ya mwakani nimeisamehe, apewe mwingine.

Na wakati tunasubiri majibu ya vyama, kama wewe msomaji unapiga besi, unakaa karibu, na una amplifaya yako, njoo. Njoo jioni baada ya vitumbua kwisha, na ubebe elfu mbili ya luku, maana kikao kitaitishwa.